Mjomba Nukta na Zoezi la Saba

Mjomba wangu alikuwa anasoma kila kitu kwa sauti, mpaka alama. Akiazima gazeti la jirani utamsikia: "Bei zimepanda, mkato, asema mkuu wa soko, nukta." Mkewe akimwita chakula kipo tayari, anajibu, "Nakuja, nukta." Ndiyo maana kiwandani walimpa jina la Nukta, na jina likamfuata mpaka mtaani. Watoto walimwamkia, "Shikamoo Mzee Nukta," naye anaitikia bila kinyongo. Wala hakuwa anafanya mzaha. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kusoma prufu, yaani karatasi za majaribio zinazokaguliwa makosa, katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Zamani walikuwa wanasoma wawili wawili, mmoja anatamka kila kilichopo kwenye karatasi, mwenzake anafuata kwa kalamu kwenye karatasi ya pili. Mwenzake akastaafu, hakuletwa mwingine. Mjomba akabaki anajisomea peke yake, na ile sauti ikabaki naye.

Mimi nipo kwake tangu nina miaka kumi. Shule nilisoma miaka minne na kipande, kisha kifua kikanilaza, na nilipoinuka wenzangu walikuwa wameshanipita mbali. Mama mzazi alinileta kwa kaka yake kwa sababu hospitali iko karibu, basi nikabaki. Mkewe Mjomba nami namwita Mama. Si mtu wa maneno matamu, lakini hajawahi kunihesabia kijiko.

Elimu yangu nyingine yote imetoka kwenye karatasi mbovu. Mashine ikianza kuchapa, karatasi za mwanzo hutoka na wino uliofifia au mistari iliyopinda, na wafanyakazi wanaruhusiwa kuzichukua. Kwetu zimetandikwa kwenye rafu za vyombo, zimebandikwa kwenye dirisha la jikoni pale kioo kilipovunjika, na viatu vikilowa zinasokomezwa ndani. Nikifuta rafu nasoma. Najua damu inavyozunguka mwilini mpaka inapofika kwenye figo. Baada ya hapo sijui, kwa sababu ukurasa unaofuata uko kwa jirani.

Kiingereza alinifundisha Mjomba mwenyewe, jioni akirudi, kabla jua halijazama. Alikuwa na mapenzi na yale maneno madogo yanayosema kitu kiko wapi. Alisema maneno makubwa hayana shida, ni kama watu wanene, unawaona tangu mbali. Vidogo ndivyo vinavyokuvunja jino, kama vijiwe kwenye mchele. Sisi tukisema "mezani" tumemaliza: kikombe kiko mezani, mtu amekaa mezani, barua iko mezani. Mwingereza hakubali. Kikombe ni "on", kwa sababu kimekaa juu yake. Mtu ni "at", kwa sababu yuko pale kwa shughuli yake, hajapanda. Na barua kama umeitia kwenye mtoto wa meza, hiyo ni "in".

"Usiliulize neno," alikuwa akiniambia. "Neno halijui kitu. Tazama kitu chenyewe kimekaaje, kinaelekea wapi, halafu ndiyo uchague."

Vifaa vyake vilikuwa kikombe na kijiko. Kijiko kikikatisha mdomo wa kikombe kutoka ukingo huu mpaka ule, "across". Kikilala kufuata urefu wa meza, "along". Mama akitafuta kijiko chake na kukikuta darasani, husema hiki kijiko kimeshasoma kuliko yeye, kesho kitaomba kazi ofisini.

Sasa mwaka huo kiwanda kilipata kazi ya kitabu cha mazoezi ya Kiingereza cha shule za msingi. Kitabu chenyewe ni cha siku nyingi, kilikuwa kinachapwa upya: maneno yaleyale, picha mpya. Kilipotoka mashineni Mjomba alileta nyumbani seti nzima, karatasi safi, zimekunjwa tayari lakini hazijashonwa. Zoezi la saba lilikuwa na picha thelathini. Chini ya kila picha pana sentensi yenye pengo, na mwanafunzi anajaza neno dogo. Majibu yako nyuma ya kitabu. Mjomba aliitoa karatasi ya majibu, akaikunja akaitia mfukoni, akaniambia Jumamosi akiwa kazini nilifanye zoezi hilo lote, akirudi atasahihisha.

Nililifanya taratibu, nimekaa kwenye mkeka, nikitazama kila picha kama alivyonizoesha. Mwanamke mwenye ndoo anatembea pembeni mwa barabara, anaifuata inakokwenda: "along". Ndege yuko hewani, paa liko chini yake: "over". Dereva yuko nje ya gari, ameegemea mlango: "by". Nilikuwa na uhakika mpaka uhakika wenyewe ukanitia wasiwasi, maana sijazoea.

Alisahihisha baada ya chakula cha mchana, kwa kalamu nyekundu na kwa sauti. "Namba moja, kosa, nukta. Namba mbili, sawa, nukta. Namba tatu, kosa, nukta." Alipofika kumi na kitu akaacha kusema nukta. Nilipata kumi na moja kati ya thelathini.

Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alifunika kalamu yake, akaniambia nikapumzike, nimekaa chini muda mrefu. Baadaye Mama alikuwa anaanua nguo uani, Mjomba akamfuata huko, nami nilikuwa nyuma ya dirisha lile lenye karatasi. Nikamsikia anauliza, kwa miaka yote hii, alikuwa ananifundisha mimi au alikuwa anajifurahisha mwenyewe. Mama akamwambia asiumie, si kila mti ni wa mbao, mtoto ana mikono mizuri, ashone.

Karatasi ya majibu aliiacha juu ya kabati. Jumapili nzima nilikaa nayo. Nilijiambia hivi: kitabu hakiwezi kukosea, kimesomwa na Mjomba. Mimi naweza kukosea. Kama kitabu kinasema huyu mwanamke wa pembeni mwa barabara ni "across", basi "across" maana yake ni pembeni, na mimi siku zote nilikuwa nimeelewa upande. Ndege wa hewani ni "on", sawa. Dereva aliyeko nje ni "in", sawa. Nikaweka kila picha na jibu lake, nikakariri yote thelathini mpaka kichwa kikauma. Kukariri naweza.

Jumatatu jioni Mjomba alirudi akijitahidi kuonekana mchangamfu. Kuku wa jirani alikuwa anafuata mtaro wetu, anadonoa huku anakwenda, mwanzo wake mpaka mwisho. Mjomba akaniuliza kwa Kiingereza yule kuku anatembea wapi. Nikajibu haraka, "Across the drain." Akatabasamu, akaniambia nitazame vizuri. Nikatazama vizuri, nikarudia vilevile. Kunguru akapita angani juu ya bati la nyumba ya pili, akanionyesha kwa kidole. Nikasema "on". Mjomba akautua mkoba wake chini.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Kitabu."

"Kitabu gani?"

"Chako, Mjomba."

Nikamletea. Akachuchumaa palepale mlangoni na viatu vyake, akaweka picha kushoto na majibu kulia. Akatazama ya kwanza, akatazama ya pili, ya tatu akaitazama muda mrefu. Midomo ilikuwa inacheza lakini sauti haikutoka. Sikuwahi kumwona akisoma kimya.

Kilichotokea alitueleza mimi na Mama baada ya kunywa maji. Pale kiwandani maneno na picha havilali chumba kimoja. Prufu anayoletewa msomaji ina maneno peke yake. Mahali pa picha pana kisanduku kitupu chenye namba. Picha zinachorwa kwingine, nazo huingizwa mwisho kabisa, msomaji akiwa ameshatia sahihi. Wamefanya hivyo tangu hajaajiriwa na hakuna aliyeona ubaya, maana picha ya ng'ombe ni ng'ombe tu, aangalie kushoto aangalie kulia. Ila safari hii kitabu chenyewe kilikuwa kinauliza ng'ombe amesimama wapi. Mchoraji mpya alipewa sentensi zenye mapengo, bila majibu. Mwanamke anatembea, halafu pengo, halafu barabara. Akachora alivyoona yeye, tena alichora vizuri sana, mpaka nyuzi za kitambaa unaziona. Majibu ya nyuma yalikuwa ya picha za zamani, ambapo yule mwanamke alikuwa anavuka. Mjomba alisoma sentensi, akazikuta sawa. Akasoma majibu, akayakuta sawa na ya kitabu cha zamani. Akatia sahihi. Hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuweka viwili hivyo pamoja.

Akachukua tena ile karatasi yangu yenye wekundu, akaipitia akitazama picha.

"Umekosa mbili," alisema. "Mbili tu."

Nilipaswa kufurahi. Lakini uso wake haukuwa uso wa kumfurahia mtu. Zoezi la saba halikuwa peke yake, mengine matatu yalikuwa na picha. Vitabu vilikuwa elfu sita, vimeshashonwa, vimetiwa majalada, vinasubiri kunyooshwa kingo, na Ijumaa lori linakuja kuvichukua kuvipeleka shuleni. Na kulikuwa na jambo la kalenda. Mwaka uliopita kiwanda kilitoa kalenda ambayo wiki moja ilikuwa na Alhamisi mbili na haina Ijumaa, mji mzima ukacheka, na Mjomba ndiye aliyekuwa amepitisha. Mwenye kiwanda alimwandikia barua fupi: kosa jingine, na kazi basi. Barua hiyo ilikuwa ndani ya kabati letu na Mama alikuwa anaijua kwa moyo.

Kwa hiyo Mama ndiye aliyeanza. Alisema picha si kazi yake. Alisema aliyechora yupo, aliyeingiza picha yupo, kila mtu abebe mzigo wake. Alisema walimu nao wana macho. Mjomba akajibu kwamba walimu wengi wana wanafunzi themanini na jioni moja, wanafuata majibu ya nyuma kama alivyofuata yeye, na kwamba sahihi iliyopo ni yake.

"Sahihi yako iko kwenye visanduku vitupu," Mama akasema. "Unajipalia makaa ya nini?"

"Ndiyo ubaya wenyewe huo."

"Ubaya ni kuamka kesho huna kazi, kwa umri huo."

Mjomba akaninyooshea mkono, hata hakunitazama. "Huyu alikuwa anajua. Amekaa na ile karatasi siku moja, siku moja tu, akaacha kujua. Na huyu ni mtu mzima karibu. Hao wa darasa la nne je?"

Mama aliingia jikoni, tukasikia sufuria inatuliwa kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

Asubuhi Mjomba aliniambia nivae, twende wote. Nilikuwa sijawahi kuingia kiwandani. Sakafu inatetemeka mpaka magotini, na harufu ya wino inakaa kooni. Kwenye mashine kubwa ya kukatia alikuwepo mtu mrefu wanayemwita Kinyozi, kwa sababu kazi yake ni kuvinyoa vitabu kingo tatu. Alikuwa anakipigapiga kila kifungu, anakiambia kikae vizuri kinyolewe. Akamuuliza Mjomba kama siku hizi anakuja na mlinzi. Mjomba akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini asikate tena mpaka atakapomwambia. Kinyozi akacheka, kisha akamwona usoni, akauondoa mguu kwenye kanyagio.

Mwenye kiwanda si mtu mbaya, lazima niseme hivyo. Alitusikiliza mpaka mwisho, hakukata maneno. Alipomaliza kusikia akafungua kitabu, akanigeuzia, akaweka kidole kwenye picha ya mwanamke mwenye ndoo. Akataka neno. Mimi kusema mbele ya wageni ni kama kumeza kidonge bila maji. Nikasema "along". Akaniuliza nina hakika. Nikamtazama Mjomba, naye alikuwa anatazama sakafu makusudi, asije akaonekana ananisaidia.

"Picha ndiyo inavyosema," nikajibu.

Akafunga kitabu. Akaanza kuzungumza na Mjomba taratibu, kama mtu anayemtoa mwenzake juu ya paa. Hakuna kitabu kisicho na kosa. Lori ni Ijumaa. Kuna viwanda vingine viwili vinavizia kazi hii, tukichelewa wenye kazi hawatatupa nyingine, na hapa wanakula watu thelathini. Mwisho akasema, "Nukta, mimi sijasikia kitu. Rudi mezani kwako."

Mjomba hakuondoka. Alisema karatasi ya majibu ikatwe kwenye kila kitabu, ichapwe nyingine, ibandikwe. Siku nne zinatosha.

"Na wenye kazi yao nani atawaeleza?"

"Mimi."

"Kwa maandishi?"

"Kwa maandishi."

Barua ilipigwa chapa saa ileile. Ilisema kosa ni la msoma prufu. Chumba cha picha hakikutajwa, wala mchoraji, wala utaratibu. Mjomba aliisoma mara mbili amesimama, kwa sauti ndogo, pamoja na mikato yake yote, akakuta haina kosa, akatia sahihi. Mwenye kiwanda alimwuliza kama anajua barua hii itawekwa jalada moja na ipi. Akasema anajua, na ile ya kalenda.

Siku nne zile nilikwenda naye kila asubuhi kwa sababu alisema hajiamini tena. Tukatengeneza majibu mapya, mimi nikitazama picha, yeye akitazama sentensi, tunasomeana. Nilikuwa namwambia tu ninachokiona, naye anachagua neno. Picha ya ishirini na mbili tulibishana. Mwanamume amesimama mlangoni. Mimi nilisema "at", maana mkono umeinuliwa, anabisha hodi. Yeye akasema "in", maana mguu mmoja umeshavuka kizingiti. Tukamwita Kinyozi, ambaye Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, tukamwuliza tu: huyu yuko ndani au nje? Kinyozi akaishika karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaitafakari.

"Huyu amechelewa kurudi," akasema. "Anamwogopa mkewe. Bado hajaamua."

Mjomba alicheka mpaka akavua miwani. Akaandika majibu yote mawili.

Hicho kilikuwa kicheko pekee. Upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wanakata karatasi elfu sita kwa nyembe, kitabu kimoja kimoja, kwa sababu mashine haiwezi kuingia katikati ya kitabu kilichoshonwa. Walizuiwa kuondoka saa za kawaida, na kila mtu alikuwa na nyumbani kwake. Mjomba akipita, salamu zilikatika. Mama mmoja wa meza ya kushonea alisema, wala hakupunguza sauti, kwamba mtu akishiba wema wake, wenzake ndio wanaoosha sahani. Tulipomaliza majibu, Mjomba alichukua wembe akaenda kukaa mwisho wa benchi lao. Hakuna aliyesogea kumpisha. Akavuta robota la karatasi, akalikalia, akaanza kukata. Hakuzoea. Siku ya tatu alikuwa amejikata vidole viwili, na yule mama aliyesema neno la sahani akamsukumia kipande cha plasta mezani bila kumtazama.

Vitabu viliondoka Jumatatu badala ya Ijumaa. Jumanne Mjomba aliitwa ofisini, akarudi nyumbani kabla ya saa nne asubuhi. Mama alikuwa anafua. Alimwona anaingia na mkoba, akaendelea kufua shati alilokuwa nalo mpaka likaisha, akalisuuza, akalikamua, kisha ndiyo akamletea kiti.

Nilisubiri Mama aseme "nilikuambia". Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Hakusema. Nadhani hilo lilimchoma Mjomba zaidi. Mama alichukua kazi ya kushona sare kwa fundi wa barabara ya pili, akawa anatoka mapema, na Mjomba akawa anaamka saa zilezile, ananyoa ndevu, anavaa shati la kazini, anakaa. Gazeti likiletwa anasoma kimya. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Niliwahi kutamani anyamaze kidogo nipate kulala mchana, Mungu anisamehe.

Siku moja aliniuliza, mimi ningefanyaje. Nikamwambia sijui. Akasema hilo ni jibu zuri, lakini hakulisema kama mtu aliyelipenda.

Jumapili ya wiki ya tatu Kinyozi alikuja kututembelea. Alileta vitu vya Mjomba vilivyobaki kwenye meza yake: kikombe cha bati, miwani ya akiba, sweta lenye tundu kwenye kiwiko. Alinywa chai, akaulizia kifua changu, akalisifu pazia la Mama. Halafu akafungua vifungo viwili vya shati akatoa karatasi zilizokunjwa, zina joto la mwili wake. Alisema amekuja msomaji mpya, ndugu wa mwenye kiwanda, kijana mwepesi, anasoma kurasa mia kwa siku. Kimeingia kitabu cha hesabu cha watoto wadogo, kila ukurasa una picha.

"Picha zinaingizwa lini?" Mjomba akauliza.

"Baada ya sahihi."

"Hata baada ya yale yote?"

"Vilevile, ndugu yangu. Walisema kosa lilikuwa la mtu, na mtu ameondoka."

Akamsogezea zile karatasi. Akamwomba atupie jicho tu, akiona kitu, yeye Kinyozi atajua namna ya kukifikisha. Mjomba hakuzishika. Alizirudisha kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha sahani ameshiba. Alisema hawezi kusahihisha kazi ya mtu akiwa amejificha, kama wanamhitaji, mwenye kiwanda anajua nyumba. Kinyozi akasema mwenye kiwanda hawezi kumwita, barua aliyoitia sahihi Mjomba mwenyewe ndiyo inayomzuia. Mjomba akasema basi. Mama alikuwa kwenye cherehani, mguu ukaacha kukanyaga.

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe, karatasi ya juu inanitazama. Kutazama ni tabia yangu, sikuikusudia. Kulikuwa na picha ya uzio. Swali lilisema uzio una nguzo sita. Nguzo zilikuwa saba.

Kinyozi aliaga. Nikaweka sinia chini, nikamfuata mpaka getini, nikamwambia. Alizitoa tena, akasimama juani, akahesabu kwa kidole, akarudia kuhesabu kutoka upande wa pili. Akapata saba.

"Sasa mimi nikamwambie nani?" akasema.

Alizirudisha ndani ya shati, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akaondoka. Niliporudi ndani Mjomba aliniuliza nilikuwa nazungumza nini na yule bwana muda wote huo. Nikamwambia nilikuwa namwagiza anisalimie watu wa kiwandani. Mama akainua macho, akanitazama, kisha akaanza tena kukanyaga cherehani.